Brown wa Vidole Vitatu

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakutuambia mkono uliopungukiwa na kidole kimoja waweza kufanya nini. Wiki hii, ndugu wasomaji, tunawaletea habari za Mmarekani mmoja aliyepoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia angali mtoto mdogo, kisha mkono huohuo ukampatia riziki yake na kumletea sifa katika nchi nzima. Jina lake Mordecai Brown. Watu wa huko humkumbuka mpaka leo kwa jina la Brown wa Vidole Vitatu.

Habari hii twaisimulia hasa kwa ajili ya wazazi. Vijijini kwetu wako watoto waliozaliwa na mguu mfupi, wako walioungua moto, wako waliokatwa na panga au mashine. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo huambiwa, "Wewe baki nyumbani, angalia kuku." Wenzake wakienda kucheza, yeye huachwa. Wakipelekwa shule au kufundishwa kazi, yeye hukumbukwa mwisho. Wanaofanya hivyo si watu wabaya, hufanya kwa huruma. Lakini hebu tuone mtoto wa Indiana alipataje kuwa alivyokuwa, na huruma ya namna hiyo ingemfikisha wapi.

MASHINE YA MALISHO

Mordecai Brown alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1876 katika kijiji cha Nyesville, jimbo la Indiana, nchi ya wakulima wa mahindi na wafugaji. Mwaka ule Marekani ilikuwa ikisherehekea miaka 100 tangu ilipojitangazia uhuru mwaka 1776. Wazazi wake wakaongeza katika majina yake neno la Kiingereza lenye maana ya sikukuu ya miaka mia, akawa Mordecai Peter Centennial Brown.

Shambani palikuwa na mashine ya kukatakata malisho ya wanyama, yenye visu vinavyozunguka. Siku moja mtoto huyu alikuwa akicheza karibu nayo, mkono wake wa kulia ukaingia ndani. Visu vikakata kidole cha shahada, kikabaki kigutu tu, na vidole vingine vikaumizwa. Muda mfupi baadaye, mkono ukiwa bado haujapona, akaanguka na kuvunja vidole vilivyosalia. Mifupa ikaunga vibaya. Kidole cha kati kikapindika, na kidole cha mwisho kikapoteza nguvu zake. Basi jina la Vidole Vitatu lilikuwa la mzaha kidogo, maana tukihesabu na gumba alibaki na vidole vinne na kigutu. Ila kati ya hivyo vinne, viwili havikuwa vizima.

Hapa tusimame kidogo. Mashine za kukatia majani, za kukoboa na za kupukuchua mahindi sasa zimeingia hata katika vijiji vyetu. Mtoto huvutwa na kila kitu kinachozunguka. Mashine ikifanya kazi, mtoto asiwe karibu, na mkubwa asitoke kuiacha inazunguka peke yake. Habari ya Brown ilikuwa na mwisho mwema, lakini wengi walioumia namna ile hawakupata mwisho kama huo.

CHINI YA ARDHI

Sehemu zile za Indiana zina makaa ya mawe. Brown alipokuwa kijana aliingia machimboni kama vijana wengi wa huko. Kazi ya machimbo haimsubiri mtu mwenye mkono mbovu. Alishika vyombo kwa vidole alivyokuwa navyo, mabega yake yakakomaa, na mkono ule uliopotoka ukazoea kushika na kukaza. Alipokwisha kuwa mchezaji mkubwa, wenzake walimpa pia jina la Mchimbaji.

Jioni na siku za mapumziko wachimbaji walicheza besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani. Kila kijiji cha machimbo kilikuwa na timu yake. Brown alicheza katika timu ya Coxville, lakini hakuwa mrushaji. Alisimama penye kituo cha tatu, akidaka mipira na kuirudisha kwa wenzake. Siku moja mrushaji wao hakuweza kucheza, wakamtia Brown mahali pake. Wapigaji wa upande wa pili walishangaa. Mpira ulikuwa ukiwajia vizuri, kisha karibu na gongo ukaanguka chini kana kwamba umevutwa na kamba.

MCHEZO WENYEWE

Kwa kuwa wengi wetu tumezoea mpira wa miguu, yafaa tueleze kidogo. Katika besiboli kila timu ina watu 9. Katikati ya uwanja, juu ya kilima kidogo, husimama mrushaji. Mbele yake, umbali wa futi 60 na inchi 6, husimama mpigaji wa timu nyingine na gongo la mbao. Mrushaji hurusha mpira mgumu uliofunikwa ngozi, wenye uzito wa wakia 5 hivi. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Akiupiga vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyowekwa uwanjani, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Wakishatoka wapigaji watatu, timu hubadilishana. Kila upande hupiga zamu 9, na wenye pointi nyingi ndio washindi.

Hivyo kazi kubwa ni ya mrushaji. Akirusha kwa nguvu tu, mpigaji hodari huuzoea mwendo wake na kuupiga mbali. Lazima ajue kuupotosha mpira njiani. Siri yake ni kuuzungusha. Mpira unaotoka mkononi huku sehemu yake ya juu ikizunguka kwenda mbele husukumwa chini na hewa inayoupita, ukashuka haraka kuliko jicho linavyotazamia. Kwa kawaida mrushaji huuzungusha kwa kidole cha shahada na cha kati vikisaidiana. Brown hakuwa na cha shahada. Aliukandamiza kwa kigutu chake na kuuachia juu ya kidole cha kati kilichopindika, basi ukatoka na mzunguko ambao wapigaji hawakuuona kwa mtu mwingine.

Lakini msidhani alijua hayo siku ile ya kwanza. Mkono wa namna hiyo mara ungeupeleka mpira kulia, mara kushoto, mara ardhini. Ilimbidi ajifunze upya kila jambo ambalo wenye mikono mizima hufundishwa na wengine, maana hapakuwa na mwalimu mwenye mkono kama wake. Alirusha na kurusha tena, akaangalia kila namna ya kushika inatoa mpira gani, akashika zile zilizofaa na kuziacha nyingine.

KUTOKA KIJIJINI HADI MJI MKUBWA

Mwaka 1901 akapata kazi ya kucheza kwa mshahara katika mji wa Terre Haute, si mbali na kwao. Mwaka 1902 akaenda Omaha, na mwaka 1903 akaingia ligi kubwa, katika timu ya St. Louis Cardinals. Alikuwa na umri wa miaka 26, na vijana wengine walianza mapema zaidi. Timu ile ilikuwa dhaifu, ikamaliza mwaka ikiwa ya mwisho. Brown alishinda michezo 9 na kushindwa 13. Wakubwa wa St. Louis hawakuona sababu ya kumshika, wakambadilisha kwa wachezaji wa timu ya Chicago Cubs.

Ilikuwa bahati ya Chicago. Timu ile ilikuwa ikijengwa, na tangu mwaka 1905 iliongozwa na Frank Chance, ambaye mwenyewe pia alikuwa mchezaji. Walinzi wake wa uwanjani walikuwa hodari, na mrushaji anayewafanya wapigaji waugonge mpira chini anahitaji walinzi wa namna hiyo. Tangu mwaka 1906 hadi 1911 Brown alishinda michezo 20 au zaidi kila mwaka. Katika miaka hiyo sita ushindi wake ulikuwa 148. Mwaka 1906 peke yake alishinda michezo 26 na kushindwa 6, na kwa kila zamu 9 alizorusha, wapinzani walipata kwa mkono wake wastani wa pointi 1.04 tu. Ni wachache mno waliopata kufika huko, kabla yake au baada yake.

Ty Cobb wa Detroit, aliyekuwa mpigaji mkuu wa zama zile na mtu asiyesifu watu ovyo, alisema kwamba katika mipira yote ya kupinda aliyokutana nayo, wa Brown ndio uliomtesa kuliko yote.

ALIPOSHINDWA

Mwaka ule wa 1906 Chicago Cubs walishinda michezo 116 na kushindwa 36 tu. Mwisho wa mwaka bingwa wa ligi moja hupambana na bingwa wa ligi ya pili, na wapinzani wao walikuwa White Sox wa mji uleule wa Chicago. Watu waliwacheka White Sox kwamba hawajui kupiga. Kila mtu aliona ushindi ni wa Cubs.

Brown alirusha mchezo wa kwanza, akashindwa kwa pointi 2 kwa 1. Akarusha mchezo wa nne, akashinda 1 kwa 0. Kisha, baada ya kupumzika siku moja tu, akapewa mchezo wa sita. Mkono ulikuwa umechoka. Wapigaji waliodharauliwa wakaipiga mipira yake kila upande, akatolewa uwanjani mapema, katika zamu ya pili. Cubs wakalala kwa 8 kwa 3, na ubingwa ukaenda kwa White Sox.

Mtu mwingine angesema, "Kumbe walionicheka utotoni walikuwa na haki." Brown alirudi kazini. Mwaka 1907 Cubs walifika tena mwisho, safari hii wakapambana na Detroit ya Ty Cobb. Mchezo uliomaliza ubishi aliurusha Brown, na Detroit hawakupata hata pointi moja. Matokeo yalikuwa 2 kwa 0, na Chicago wakawa mabingwa.

SIKU YA OKTOBA 1908

Mwaka 1908 Chicago na New York Giants walikwenda bega kwa bega. Tarehe 23 Septemba walipambana New York, na kijana wa New York wa miaka 19, Fred Merkle, alipoona wenzake wamepata pointi ya ushindi, akakimbia kutoka uwanjani bila kugusa kituo cha pili kama sheria inavyotaka. Waamuzi wakaifuta pointi, mchezo ukahesabiwa sare. Mwaka ulipokwisha timu hizo mbili zilikuwa sawasawa kabisa. Ikaamriwa warudiane tarehe 8 Oktoba, palepale New York.

Mji mzima ulichemka kwa hasira. Watu walijaa uwanjani, wengine wakapanda juu ya kuta na reli za karibu. Brown alisimulia baadaye kwamba kabla ya mchezo alipelekewa barua kadhaa za kumtisha kwamba atauawa akithubutu kurusha. Alimwonyesha Chance barua hizo, akamwomba amruhusu arushe tangu mwanzo ili watu wale waone kwamba haogopi. Chance akamtanguliza mrushaji mwingine. Lakini yule aliyetangulia alilemewa katika zamu ya kwanza, New York wakapata pointi, kelele zikapanda. Ndipo Brown alipoitwa. Akapita katikati ya makelele yale mpaka juu ya kilima.

Upande wa pili alisimama Christy Mathewson, mrushaji aliyesifiwa kuliko wote wa zama zile, mtu aliyesoma chuoni, mrefu, mwenye mikono mizima. Mchimbaji na msomi walikuwa wamekutana mara nyingi, na Brown ndiye aliyekuwa ameshinda mara nyingi zaidi. Hata siku hiyo ikawa vivyo hivyo. Chicago wakashinda 4 kwa 2, na wachezaji wao wakaondoka mbio wakilindwa na polisi. Siku chache baadaye wakawapiga Detroit tena, Brown akishinda michezo 2, wakachukua ubingwa mara ya pili mfululizo. Baada ya hapo Chicago Cubs walikaa miaka 108 bila kuupata tena, mpaka mwaka 2016.

JE, KILEMA KILIMSAIDIA?

Watu walimwuliza Brown mara kwa mara kama ule mkono mbovu ndio uliokuwa siri yake. Alijibu kwamba hawezi kujua, kwa sababu hajapata kurusha kwa mkono mwingine.

Jibu hilo ni la mtu mwenye akili. Wako wanaopenda kusema kwamba kila msiba ni bahati iliyojificha. Mwambie hayo mama ambaye mwanawe ametoka kukatwa kidole, uone kama atakushukuru. Mashine ile haikumpa Brown zawadi. Ilimpa maumivu na kazi ya ziada kwa maisha yake yote. Sifa yake ilitokana na miaka ya kujifunza, tena ilitokana na siku ile ya Coxville. Wachimbaji wenzake walipokosa mrushaji hawakusema, "Huyu hana kidole, tumtafute mwingine." Walimpa mpira wakamwacha ajaribu. Kama wasingefanya hivyo, ule mpira wake wa ajabu usingaliyumkinika kuonekana na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe asingeujua.

Tena tusisahau jambo moja zito. Katika miaka hiyohiyo, mlango uliomfungukia Brown ulikuwa umefungwa kwa Wamarekani weusi. Wako waliokuwa na mikono mizima na ustadi mkubwa, wakalazimika kucheza katika timu zao peke yao kwa sababu ya rangi ya ngozi tu. Katika karne ya 20 ligi kubwa hazikumwingiza mtu mweusi mpaka Jackie Robinson mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Brown. Ni watu wangapi wenye kipaji kama chake waliozeeka bila kujaribiwa? Hakuna awezaye kuwahesabu.

SIKU ZA MWISHO

Mwili wa mchezaji huchoka mapema. Mwaka 1912 Brown aliumia goti, Chicago wakamwacha. Mwaka 1913 akacheza Cincinnati, kisha miaka miwili katika ligi mpya ambayo haikudumu, na mwaka 1916 akarudi Cubs. Tarehe 4 Septemba 1916, mjini Chicago, yeye na Mathewson walipangwa tena kurushiana. Brown alikuwa karibu na miaka 40, na Mathewson 36. Wapigaji waliwapiga wazee hao wawili bila huruma, Mathewson na Cincinnati yake wakashinda 10 kwa 8. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerusha tena katika ligi kubwa. Katika miaka yake 14 Brown alishinda michezo 239 na kushindwa 130.

Baadaye alirudi kwao Indiana, akacheza na kufundisha timu ndogo kwa muda, kisha akafungua kituo cha petroli mjini Terre Haute. Kwa miaka mingi watu waliopita na magari yao waliweza kumkuta hapo bingwa wa zamani na mkono wake uliopotoka. Alifariki tarehe 14 Februari 1948. Mwaka uliofuata jina lake likaingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mabingwa wa besiboli huko Cooperstown, katika jimbo la New York.

Basi, wazazi na walimu, si kila mtoto aliyeumia mkono atakuwa bingwa, wala hatumtaki awe bingwa ndipo astahili kupewa nafasi. Mwingine atakuwa fundi cherehani, mwingine karani, mwingine mkulima hodari wa vitunguu. Lakini haiwezekani kujua kwa kutazama mkono tu. Apewe jembe alishike kwa namna yake. Apewe kalamu, hata akiandika kwa mkono wa kushoto. Wenzake wakicheza, aingizwe mchezoni kama wengine, na akikosea akosee kama wengine. Kama hawezi, ataonekana hawezi alipojaribu. Na kama aweza, kijiji kizima kitafaidika.